Mkono wa Upinde: Namna ya Kuwatazama Wapigaji Wakuu wa Selo



Anayetaka kuanzisha ubishi usiokwisha katika soko la Mudaka, hapa Kabare, hana haja ya kuhangaika: ataje timu za Dawa na Muungano, kisha akae kando. Ubishi wa aina hiyo una utamu wake, na una msingi wake pia, kwa sababu mpira una magoli na magoli huhesabika. Tatizo huanza pale desturi hiyo ya kuuliza nani zaidi inapohamishiwa kwenye muziki. Leo kijana mwenye simu anaweza kuwatazama wapigaji wakubwa wa selo wa karibu karne nzima: Pablo Casals akiwa mzee, Mstislav Rostropovich, Jacqueline du Pré, János Starker, Yo-Yo Ma, hadi Sheku Kanneh-Mason aliyezaliwa 1999. Akishatazama video mbili, swali linalomtoka ni lilelile la uwanjani: yupi mkali? Nitadai kwamba swali hilo ni bovu, ila kulinganisha kwenyewe si kubovu. Kuna kulinganisha kunakoelimisha, nako huanzia mahali pamoja, yaani kwenye mkono wa kulia wa mpigaji, mkono ulioshika upinde. Atakayeufuata mkono huo ataona mpigaji ameamua nini. Atakayeufuata uso ataona namna mpigaji anavyotaka aonekane, na pengine ataona sura tu aliyozaliwa nayo.

Kwa kuwa chombo chenyewe si cha kila siku hapa kwetu, nikieleze kwanza. Selo, ile ambayo waliosoma Kifaransa huiita violoncelle, ni ndugu mkubwa wa violini. Mpigaji huketi, akaiweka kati ya magoti, nayo husimama juu ya mguu mwembamba wa chuma; mguu huo ulienea katika karne ya 19, na Mbelgiji Adrien-François Servais ndiye anayetajwa zaidi kwa kuueneza. Nyuzi ni nne, do, sol, re na la, zikianzia mitetemo 65 hivi kwa sekunde kwenye uzi mnene hadi 220 kwenye uzi mwembamba, na vidole huweza kupanda juu zaidi ya hapo. Ndani ya eneo hilo mna sauti ya mzee anayeguna na sauti ya mama anayeimba. Mkono wa kushoto huchagua noti. Mkono wa kulia huizaa. Upinde uliofungwa singa za farasi huburutwa juu ya uzi, na mambo matatu huamua sauti itakuwaje: kasi ya upinde, uzito unaotoka begani hadi kwenye kidole cha shahada, na mahali singa zinapougusa uzi, karibu na daraja au karibu na ubao wa vidole. Upinde ukienda polepole kwa uzito karibu na daraja, sauti huwa nzito na yenye makali. Ukienda kasi bila uzito karibu na ubao, sauti huwa kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Na yote haya yanaonekana kwa macho. Mwimbaji humwoni koo wala mapafu. Unaona mdomo tu, na mdomo hausemi mengi. Selo ni mwimbaji ambaye mapafu yake yako nje ya mwili. Ndiyo maana nasema kuitazama si anasa ya watu wasiojua kusikiliza. Ni njia ya kusikiliza, mradi mtu ajue aangalie wapi.

Ili kulinganisha kuwe na maana, lazima wapigaji waulizwe swali moja. Bahati nzuri swali hilo lipo, na liliandikwa yapata 1720 mjini Köthen, Ujerumani, alipokuwa akifanya kazi Johann Sebastian Bach: swiiti sita za selo peke yake, bila okestra, bila kinanda, bila mtu wa kukuokoa ukipotea. Hati ya Bach mwenyewe haijapatikana. Nakala inayotegemewa zaidi ni ile iliyonakiliwa na mkewe, Anna Magdalena. Humo kuna noti, lakini karibu hakuna kinachosema hapa piga kwa nguvu, hapa punguza, hapa harakisha. Kuna vistari vilivyopinda juu ya noti, vinavyoonyesha noti zipi zibebwe na mvuto mmoja wa upinde, lakini vistari hivyo vimechorwa kwa namna ambayo wasomaji wawili hawakubaliani vinaanzia wapi na vinaishia wapi. Chukueni preludi ya swiiti ya kwanza, vipimo 42 vya noti ndogondogo zinazokimbia karibu bila kupumzika. Mpigaji mmoja huunganisha noti tatu za kwanza kisha akazitenganisha zinazofuata. Mwingine hubeba nne nne. Mwingine nane kwa mvuto mmoja. Noti ni zilezile. Wimbo si uleule. Anner Bylsma, Mholanzi, aliona jambo hili ni kubwa kiasi cha kuliandikia kitabu kizima kilichotoka 1998, akitetea kwamba vistari vya Anna Magdalena si uzembe wa mnakili na vinastahili kuaminiwa; katika jina la kitabu hicho alimwita Bach mwalimu wa mchezo wa upanga. Si jina la mzaha. Mkono wa upinde, kama wa mpiga upanga, unaingia na kutoka, unatisha na kurudi, na anayekodolea macho usoni haoni pigo.

Sasa tuwaweke wazee wawili kando kwa kando. Casals alizipata swiiti hizi mwaka 1890 mjini Barcelona, akiwa na miaka 13, katika duka la noti zilizokwishatumika. Akazisomea kwa miaka mingi kabla ya kuthubutu kupiga swiiti nzima mbele ya watu. Alikuwa wa kwanza kuzirekodi zote sita, kati ya 1936 na 1939. Mwaka 1954, akiwa na miaka 77, aliipiga swiiti ya kwanza mbele ya kamera katika abasia ya Saint-Michel-de-Cuxa, karibu na mji wa Prades alikokuwa akiishi uhamishoni baada ya kumkataa Franco, mtawala wa Hispania. Rostropovich naye alisubiri hadi umri wa miaka zaidi ya 60: 1991 aliingia katika basilika ya Vézelay, Ufaransa, akazipiga zote sita mbele ya kamera, akieleza kila moja kabla ya kuipiga. Wote wawili wako ndani ya majengo ya kanisa yaliyojengwa kwa mawe, na wote wawili ni wazee waliokwisha kuyafikiri mambo haya maisha yao yote. Bado mikono yao haifanani. Casals aliwafundisha wanafunzi wake kwamba noti ikishazaliwa hupungua, kama mtu anavyotoa pumzi, na kwamba kila noti inastahili mwanzo wake. Tazameni upinde wake mnaona mianzo hiyo, moja moja, kama mtu anayesema maneno badala ya kuyaburuza. Rostropovich ana upinde mpana unaoishikilia noti hadi mwisho wake na kuikabidhi kwa inayofuata, kama wabeba mzigo wanaopokezana kilimani bila kuutua. Nani kati yao ana haki? Swali halina jibu, na uzuri ni kwamba halihitaji jibu. Casals ameamua kwamba muziki huu ni usemi. Rostropovich ameamua kwamba ni uimbaji. Hati ya Anna Magdalena inawaruhusu wote wawili, na anayewalinganisha kwa namna hii amejifunza kitu juu ya Bach ambacho hakuna mmoja wao peke yake angemfundisha.

Mtu atapinga: labda tofauti hiyo ni ya chombo, si ya mkono; kila selo ina sauti yake. Hoja ni ya haki, na historia imetupa njia nzuri ya kuipima. Mwaka 1712 huko Cremona, Italia, Antonio Stradivari alitengeneza selo inayojulikana leo kwa jina la Davidov, kutokana na mpigaji wa Kirusi aliyewahi kuimiliki. Katika miaka ya 1960 ilikuwa mikononi mwa Jacqueline du Pré, Mwingereza. Baada ya kifo chake mwaka 1987 ikaendelea kupigwa na Yo-Yo Ma. Mbao zilezile, wapigaji wawili. Du Pré alikuwa mtu wa kuivamia: upinde mzima kutoka kisigino hadi ncha, uzito wote wa bega, mwili ukiyumba pamoja nao, na hakuridhika siku zote na majibu aliyopewa na chombo hicho. Ma ameeleza kwamba Davidov haitaki kuvamiwa, inataka kubembelezwa, na mkono wake unaonyesha hivyo: kasi zaidi kuliko uzito, kiwiko chepesi, upinde unaoomba. Kama chombo ndicho kingeamua, wawili hawa wangefanana. Hawafanani hata kwa mtu anayewasikia mara ya kwanza. Chombo kina tabia, sikatai, kama ng'ombe alivyo na tabia; lakini mchungaji ndiye anayejulikana kwa njia anayompitisha.

Du Pré anastahili tukae naye kidogo zaidi, kwa sababu ndiye anayetazamwa vibaya kuliko wote. Tarehe 19 Agosti 1965, akiwa na miaka 20, alirekodi koncheto ya Edward Elgar pamoja na London Symphony Orchestra chini ya John Barbirolli. Mwaka 1967 Christopher Nupen alimpiga filamu akiipiga koncheto hiyohiyo, Daniel Barenboim akiongoza. Mwaka 1973, akiwa na miaka 28, madaktari walimwambia ana ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu, na maisha yake ya upigaji yakawa yamekwisha. Mtazamaji anayejua mwisho huo huona msiba katika kila mtikiso wa nywele zake. Nywele hazina hatia. Mwaka 1967 hakuwa mgonjwa anayejulikana kuwa mgonjwa. Alikuwa binti mwenye nguvu aliyekuwa akifanya kazi ngumu ya mkono. Angalieni mwanzo wa koncheto, pale selo inapofungua peke yake kwa mafungu mazito ya noti kabla okestra haijasema neno. Pale mkono wake unafanya jambo la hatari: unabonyeza uzi hadi karibu na mpaka ambapo sauti huanza kukwaruza, na kuuzuia pale pale. Hilo ndilo linaloitwa hisia. Si uso. Koncheto yenyewe ilianza vibaya, Oktoba 1919 jijini London, kwa sababu okestra haikupewa muda wa kutosha wa mazoezi. Elgar mwenyewe alikuja kuirekodi 1928 akiongoza, selo ikiwa mikononi mwa Beatrice Harrison, na upigaji wao ni mwepesi na wa kasi zaidi kuliko huu wa du Pré ambao watu wengi wanaamini ndio wenyewe. Mtunzi alikuwepo pale, akishika kijiti! Anayesema du Pré ndiye kipimo cha Elgar, basi na amsikilize Elgar. Halafu amsikilize Kanneh-Mason, aliyeirekodi na London Symphony Orchestra hiyohiyo chini ya Simon Rattle, rekodi iliyotoka Januari 2020: mtu aliyekua akimsikia du Pré tangu utotoni, na ambaye mkono wake umeamua kutomwiga.

Kwa upande wa pili yupo Starker, aliyezaliwa Budapest 1924 na kufundisha Indiana, Marekani, kuanzia 1958 hadi alipofariki 2013. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa. Wapo waliosema hana moyo. Lakini funga macho, sikiliza, na moyo huo unaousaka utaukuta kwenye usafi wa kila noti, kwenye upinde usiotoa hata chembe ya sauti asiyoikusudia. Alirekodi swiiti za Bach mara kadhaa katika maisha yake. Yo-Yo Ma naye amezirekodi mara tatu, zikatoka 1983, 1997 na 2018. Hapo ndipo ushindani wa nani zaidi unapokufa kifo chake cha asili, kwa kuwa huwezi kumshindanisha Ma na Ma. Unaweza tu kuuliza mtu huyu aliona nini akiwa na miaka ishirini na kitu, na akaona nini alipofika sitini. Na ukishazoea kuuliza hivyo juu ya mtu mmoja, utaona unaweza kuuliza hivyohivyo juu ya watu wawili.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni hili: jicho ni mwongo, basi kwa nini tuliite shahidi? Wanaosema hivyo wana ushahidi mkononi. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kutumia mashindano ya kimataifa ya piano. Watu walipewa vipande vifupi vya sekunde chache vya wapigaji watatu walioingia fainali, wakaambiwa wamtaje aliyeshinda kweli. Waliosikia sauti peke yake hawakumpata mshindi hata kwa kiwango cha kubahatisha, ambacho kingekuwa mmoja kati ya watatu. Waliotazama video bila sauti yoyote walimpata karibu nusu ya mara. Na waliobobea katika muziki hawakuwa bora kuliko watu wa kawaida, ijapokuwa wengi walikuwa wamesema kwa kujiamini kwamba kinachotawala hukumu yao ni sauti. Matokeo hayo yanapaswa kumtia haya kila jaji wa muziki duniani. Lakini tuyasome vizuri. Hayasemi kwamba jicho haliambulii kitu. Yanasema kwamba waamuzi wa mashindano yale walihukumu kwa macho huku wakidhani wanahukumu kwa masikio. Dawa si kulifumba jicho, maana litafumbuka lenyewe. Dawa ni kulipa kazi. Jicho lisilopewa kazi hutangatanga usoni, kwenye gauni, kwenye rangi ya ngozi, kwenye jasho. Jicho lililoambiwa fuata upinde, pima kasi, angalia singa zinagusa wapi, halina nafasi ya kutangatanga. Na isisahaulike kwamba jaribio lile lilihusu piano, ambapo nyundo inayogonga uzi imefichwa ndani ya sanduku na kinachobaki kuonekana ni mabega na nywele. Kwenye selo chanzo cha sauti kiko peupe.

Hapo huinuka sauti nyingine: basi umeufanya muziki kuwa ufundi wa seremala, huzuni na furaha vimekwenda wapi? Jibu liko katika usiku wa tarehe 21 Agosti 1968. Asubuhi ile vifaru vya Kisovieti vilikuwa ndani ya Prague, na jioni Rostropovich, raia wa Sovieti, alikuwa Royal Albert Hall jijini London na okestra ya dola ya Sovieti, akipangiwa kupiga koncheto ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki. Kulikuwa na waandamanaji, kulikuwa na kelele za kupinga ndani ya ukumbi. Rekodi ya sauti ya usiku ule ipo hadi leo. Anayeisikiliza haoni uso wowote, na bado anasikia mtu asiyekuwa na pa kujificha. Anaisikia wapi? Katika uzito wa upinde, katika noti zinazoshikiliwa kidogo kuliko ilivyozoeleka, katika kukataa kuachia. Huzuni haikukaa mahali pengine ikasubiri kuletwa na uso. Ilipita kwenye mkono.

Kuna pingamizi la kawaida zaidi ambalo mwenye kuishi Mudaka hawezi kulikwepa, nalo ni simu yenyewe. Spika ndogo ya simu hudhoofika sana chini ya mitetemo mia tatu hivi kwa sekunde, na nimeshasema uzi mnene wa selo huanzia 65. Maana yake, yule anayedhani amemsikia Casals kwa spika ya simu iliyowekwa juu ya meza ya duka hakuusikia msingi wa noti za chini hata kidogo. Masikio yake yameujenga upya kutokana na sauti za juu zinazoambatana nao. Ubongo ni fundi hodari wa kuziba mapengo. Lakini kulinganisha wapigaji wawili kwa njia hiyo ni sawa na kulinganisha vitenge viwili kwa mwanga wa koroboi. Visikizio vya masikioni vya bei nafuu vinasaidia kuliko spika, na kipande kimoja kilichohifadhiwa kwenye kadi ya simu kikarudiwa mara kumi kinafundisha kuliko vipande kumi vilivyopitiwa mara moja huku mega zikiyeyuka.

Sasa nifike kwa wale watakaosema haya yote ni mambo ya Wazungu. Siwajibu kwa kusema kwamba muziki hauna mipaka, kwa sababu unayo. Nawajibu kwamba sikio la Bushi, nchi yetu Bashi, tayari lina mafunzo yanayohitajika. Lulanga ya Bashi, ambayo ndugu zetu wa Rwanda na Burundi huiita inanga na watu wa magharibi mwa Uganda enanga, ni ubao uliochongwa kama hori, ukapitishiwa uzi mrefu unaokwenda na kurudi hadi zikapatikana kama nyuzi nane. Haina upinde. Noti ikishadonolewa huanza kufa, na mpigaji hana njia ya kuirefusha. Uamuzi wake wote umo katika namna ya kuidonoa na katika sauti yake mwenyewe inayoiandama. Huko Burundi ufundi huo ulifikishwa mbali na wapigaji kama Joseph Torobeka, wanaoinong'onea inanga badala ya kuimba. Mnong'ono hauna kupanda wala kushuka kwa sauti. Nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka, na msikilizaji huvichanganya viwili hivyo hadi akaamini kwamba anasikia mtu akiimba. Mtafiti Cornelia Fales amelichunguza jambo hilo kama kiini macho cha masikio. Naam, Bach anafanya kitu cha jamii hiyohiyo. Katika selo moja peke yake anagusa noti ya chini, anaiacha, anakimbilia juu, anarudi, na msikilizaji anaamini kwamba kuna sauti mbili au tatu zinazozungumza kwa wakati mmoja, ilhali kwa kila noti upinde uko kwenye uzi mmoja tu. Mtu aliyekuzwa na inanga hahitaji kufundishwa kushiriki katika ujenzi huo. Ameshazoea kwamba nusu ya wimbo hupigwa, na nusu nyingine hutengenezwa na anayesikiliza.

Wala upinde si mgeni katika ukanda wetu. Waganda wana endingidi, Wajaluo wana orutu, kila kimoja kina uzi mmoja na upinde wake. Unguja, vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza 1958, vilijenga okestra kwa mtindo wa Misri, na selo ikakaa humo pamoja na udi, kanuni na fidla. Na katika nchi yetu wenyewe kuna mfano ambao dunia imeushangilia kuliko sisi tulivyoushangilia: Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliyekuwa rubani kabla ya hapo. Walianza na violini chache walizopokezana. Uzi ulipokatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Filamu ya Wajerumani iitwayo Kinshasa Symphony, iliyotoka 2010, iliwaonyesha wakijiandaa kupiga simfoni ya tisa ya Beethoven. Ombi langu ni kwamba tuwatazame kwa kipimo kilekile nilichokitumia kwa Rostropovich, si kwa huruma. Watazamaji wengi wa filamu hiyo huguswa na umeme unaokatika katikati ya wimbo na vumbi la barabarani, kisha wakatoa machozi, na machozi hayo ni njia nyingine ya kutazama uso badala ya mkono. Angalieni pinde za wapiga selo wale. Zinakwenda pamoja? Zinagawana uzito? Pale zinapokwenda pamoja ni kwa sababu watu wazima wenye kazi nyingine walikaa jioni baada ya jioni wakakubaliana upinde uanzie wapi. Pale zisipokwenda, tuseme hazikwenda. Kumsifu mwanamuziki kwa yale asiyoyafanya ni kumnyima haki ya yale aliyoyafanya.

Kipimo hiki kina mpaka, nao nautaja bila kulazimishwa. Abel Selaocoe wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1992 na kukulia Sebokeng, hupiga selo huku akiimba, akitoa sauti za kooni za kwao na kugonga mbao za chombo kwa viganja. Kwake pumzi iko mahali pawili, nje na ndani, na anayeufuata upinde tu atakosa nusu. Hata Ballaké Sissoko wa Mali na Mfaransa Vincent Segal, katika rekodi yao ya kora na selo iliyotoka 2009, wanatulazimisha tutazame mikono minne, maana Segal mara nyingi huuweka upinde kando akadonoa nyuzi kana kwamba naye ana kora. Sioni kwamba hao wanaivunja hoja yangu. Wanaisogeza: fuata mahali sauti inapoamuliwa, popote palipo.

Mahali hapo, kwa mpiga lulanga, ni vidole. Mmarekani Alan Merriam alifanya utafiti wake huku kwetu mwaka 1951 na 1952, akachapisha makala juu ya maneno ya nyimbo za Bashi mwaka 1954 na nyingine juu ya vyombo vyao na namna vinavyopigwa mwaka 1955; alirekodi sauti, na sauti hizo zimeishi kuliko yeye. Casals tunamwona upinde wake akiwa na miaka 77 kwa sababu mtu alibeba kamera hadi Cuxa. Wazee wanaojua lulanga hapa Kabare na kule Walungu nao wana miaka yao, na kila mmoja anadonoa kwa namna ambayo mwenzake hadonoi. Simu zinazotumika kutazama selo zinaweza kurekodi pia. Basi mkienda kwao, ombeni ruhusa, washeni, na msiielekeze usoni. Iwekeni chini, kwenye kimo cha mikono, muiache hapo hadi wimbo uishe.